Ukuta wa duka la babu umelowa: tupige simenti tena?

"Assalamu alaikum. Mimi na kaka zangu wawili tumerithi nyumba ya zamani Mji Mkongwe, mitaa ya Kiponda. Chini mbele ni duka, mimi nauza kanga humo, nyuma kuna chumba kirefu chembamba cha stoo, na juu anakaa shangazi yetu. Upande wa kushoto kuna kichochoro. Ukuta wa upande huo umelowa kutoka chini hadi usawa wa kiuno. Miaka minne iliyopita tuliupiga lipu ya simenti, sasa lipu imevimba na kuanguka, na nyuma yake kuna unga mweupe. Juu ya kabati, ukuta huo huo, boriti mbili zimeoza ncha na mchanga unadondoka kwenye bidhaa. Fundi anasema tung'oe lipu yote, tupige simenti nzito yenye dawa ya kuzuia maji na rangi ya mafuta juu yake, tutoe boriti tumwage zege, na ile milango ya mbao ya kukunja tuitoe tuweke shata la chuma. Kaka mkubwa anakubali, anasema mawe ya zamani yamekwisha nguvu. Mimi moyo unasita. Na tukienda Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba kibali, si watatuambia tusiguse kitu? Nishauri."

Waalaikumu salaam, dada yangu. Nikilisoma swali lako vizuri, naona hofu yenyewe ni kwamba mna fedha ya kutengeneza mara moja tu, na kila aliye karibu nawe ana hakika isipokuwa wewe. Basi nikutangulizie jibu. Fundi wenu ametoa mashauri manne. La kwanza, kung'oa lipu, namuunga mkono. Matatu yaliyobaki yasimamisheni kwanza, msinunue hata mfuko mmoja wa simenti mpaka mjue maji yanatoka wapi.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana ukiielewa, nusu ya jibu unalipata hapo. Duka mbele lililo wazi karibu upana wote, chumba chembamba kinachoingia ndani, makazi juu: hiyo ni nyumba ya duka ya karne ya 19, ya mtindo walioujenga wafanyabiashara wa Kihindi, wengi kutoka Kutch na Gujarat, wakati Unguja ilipokwisha kuwa makao ya Sayyid Said na biashara ya karafuu na pembe za ndovu ikivuta watu kutoka kila upande. Wembamba wa stoo yako haukuamuliwa na tajiri wala na fundi. Uliamuliwa na mkoko. Boriti nzuri ya mkoko mara nyingi haizidi mita tatu hivi, kwa hiyo ukuta na ukuta havikuweza kuachana zaidi ya hapo. Ndiyo maana nyumba hizi zinaingia ndani badala ya kutanuka.

Ukuta nao una unene wa nusu mita au zaidi, lakini si jiwe moja. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati wamejaza vipande vidogo, chokaa na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hii unakunywa maji. Ulikuwa ukinywa tangu siku ya kwanza, na waliojenga walijua. Walichofanya ni kuupa njia ya kuyatoa: lipu ya chokaa nje na ndani, na rangi ya chokaa juu yake, vyote vyenye vitundu vidogo mno ambavyo mvuke unapita. Masika ukuta unalowa, kiangazi unakauka, na mwaka unaofuata hivyo hivyo.

Fikiria mtungi wa udongo wa kunywea maji. Unatoa jasho nje, jasho linakauka, na maji ya ndani yanabaki baridi. Sasa upake mtungi huo rangi ya mafuta. Maji hayajapungua ndani, ila jasho halina pa kutokea. Hicho ndicho mlichoufanyia ukuta wenu miaka minne iliyopita, na ndicho fundi anachotaka kukirudia kwa nguvu zaidi. Simenti ni nzito na ngumu, mvuke hauipiti kwa urahisi. Maji yanayopanda kutoka ardhini, yakikuta njia ya pembeni imezibwa, yanaendelea kupanda ndani ya ukuta mpaka yapate pa kutokea.

Unga mweupe ulioukuta nyuma ya lipu ni chumvi. Imo kwenye mawe, maana matumbawe yametoka baharini, imo ardhini, huenda imo kwenye mchanga uliotumika, na simenti yenyewe huongeza chumvi zake. Maji yanaiyeyusha na kuibeba, kisha maji yanapokauka chumvi inabaki na kugeuka vijiwe vidogo vyenye ncha. Vijiwe hivyo vikikua juu ya uso wa ukuta, unafagia, basi. Vikikua nyuma ya lipu ngumu, vinaisukuma mpaka ivimbe na kuanguka, na ikianguka inaondoka na ngozi ya jiwe. Kwa hiyo lipu yenu haikuanguka kwa sababu simenti ilikuwa nyepesi, na "simenti nzito zaidi" itaanguka na kipande kikubwa zaidi cha ukuta. Unga huo, kwa njia, usiuoshe kwa maji. Utauyeyusha na kuurudisha ndani. Ufagie kwa brashi kavu, uuzoe, uutupe mbali na nyumba.

Nami sikuzaliwa na ujuzi huu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilisimamia duka moja la rika la duka lenu. Mwenyewe alitaka kufungua kabla ya Idi, nikamkubalia simenti kwa sababu inashika haraka. Ukuta ulipendeza masika moja. Masika ya pili alama ya unyevu ilikuwa imepanda juu ya simenti yetu, mahali ambapo haikuwahi kufika kabla sijagusa kitu. Niliing'oa kwa mikono yangu, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kuliko darasa.

Sasa kuna jambo katika maelezo yako ambalo nadhani hamkulitilia maanani. Umesema unyevu wa chini unaishia kiunoni. Boriti zilizooza ziko darini, mita mbili au zaidi juu ya hapo. Maji yanayopanda kutoka ardhini hayaruki sehemu kavu yakaenda kutua kwenye boriti. Kwa hiyo mna matatizo mawili ya maji, la juu na la chini, na kila moja lina chanzo chake. Dawa moja ya kupaka ukuta mzima haiwezi kutibu yote mawili.

La juu litafuteni hivi. Je, shangazi ana choo au bafu juu ya pembe hiyo? Nyumba hizi hazikujengwa na mabomba ghorofani. Mengi yamechomekwa baadaye, na kiungio kimoja kinachovuja tone kwa tone ndani ya ukuta kinaozesha boriti bila mtu kuona hata dimbwi. Fungeni mifereji yote ya bomba usiku, someni mita, isomeni tena alfajiri. Ikiwa namba imesogea na hakuna aliyetumia maji, mna bomba linalovuja. Ikiwa haikusogea, msiridhike haraka, maana bomba la maji machafu halipiti kwenye mita: mwagieni bafuni ndoo mbili za maji yenye rangi na mwangalie boriti kwa siku mbili. Kisha tokeni kichochoroni mvua ikinyesha kweli kweli, mwangalie juu. Paa la bati la nyumba ya pili linamwaga wapi? Nimeona mara nyingi mno gata iliyooza upande mmoja wa kichochoro ikiozesha ukuta wa upande wa pili. Angalieni pia matone ya kiyoyozi.

La chini ni gumu kidogo. Sehemu yake ni ya kawaida na itabaki. Lakini maji ya kupita kiasi huwa yana sababu: karo la maji machafu lililopasuka, mtaro wa kichochoro ulioziba, au usawa wa njia uliopanda kwa kutandikwa simenti juu ya simenti hadi ukazidi usawa wa sakafu yenu. Baraza la nje nalo likiwa limepigwa simenti na linainamia ukutani badala ya njiani, linaupa ukuta kinywaji kila mvua. Hayo yote yanarekebishika kwa fedha ndogo kuliko lipu.

Kuhusu mawe "yaliyokwisha nguvu", mwambie kaka kwa heshima kwamba jiwe la matumbawe halizeeki hivyo. Kinachokwisha ni kile kilicho katikati. Udongo na chokaa vya ndani vikilowa muda mrefu vinalainika, vinateremka, na nyuso mbili za ukuta zinaanza kuachana. Ukuta ukigongwa unalia kama debe tupu. Ukuta mkavu wa miaka 140 una nguvu, na uliolowa miaka kumi unatia shaka, hata ukiwa umepigwa simenti ya kumetameta juu yake. Hapo ndipo hatari ya simenti inapozidi: inaficha.

Nikija kwenye la kufanya, njia zenu ni tatu, nami nitazisema bila kupamba.

Mnaweza kurudia simenti. Ni rahisi, kila fundi anaijua, duka litafungwa siku chache tu. Mtakaa vizuri miaka miwili, mitatu, kisha mtarudi hapa hapa na ukuta mbovu kuliko sasa. Mnaweza, kwa upande wa pili, kuajiri mtaalamu wa uhifadhi akatengeneza nyumba nzima kuanzia paa. Ndivyo inavyostahili, lakini ni gharama kubwa, na sidhani ndugu watatu wanaoishi kwa kuuza kanga wanaweza kuibeba kwa mkupuo.

Njia ninayoipendelea kwenu ni ya katikati. Zibeni vyanzo vya maji kwanza. Ng'oeni simenti yote ya ukuta huo, taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutikisa, mpaka nusu mita hivi juu ya alama ya unyevu, ndani na, ikiwezekana, nje. Halafu, na hapa ndipo watu wanaposhindwa, subirini. Kadirio la kawaida ni kwamba ukuta unakauka kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa mwezi. Ukuta wa nusu mita, ukikauka pande zote mbili, bado unataka miezi mingi. Hamhitaji kufunga duka muda huo. Sogeza makabati yaachane na ukuta upana wa mkono, weka feni ipulize ukuta, fagia chumvi kila wiki. Ukuta hautapendeza machoni mwa wateja, nakubali.

Ukishaonekana umekauka kiasi, pigeni lipu ya chokaa: sehemu moja ya chokaa iliyozimwa na kulazwa majini muda wa kutosha, kwa sehemu tatu za mchanga safi wa shimoni. Mchanga wa pwani msiuguse, mtakuwa mnanunua chumvi. Tabaka zisizidi sentimita moja na nusu, na kila moja ipewe siku za kutosha kushika kabla ya inayofuata. Chokaa haishiki kama simenti. Inavuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe, kwa hiyo ikikaushwa na jua au feni inageuka unga. Itundikieni magunia yaliyoloweshwa siku za mwanzo. Fundi akikuambia "tutie simenti kidogo tu ili ishike haraka", kataa. Hicho kidogo kinaziba vile vitundu na hakiongezi nguvu ya maana. Na yeyote anayezima chokaa mbichi avae miwani na glavu, maana inachemka na ikiruka machoni inapofusha.

Tahadhari moja: lipu hiyo ya kwanza ni ya kafara. Kazi yake ni kunyonya chumvi iliyobaki ukutani, na baada ya miaka michache sehemu ya chini itaanza kumomonyoka. Msikate tamaa wala msimlaumu fundi. Mnaikwangua pale ilipochoka, mnapiga tena kipande hicho. Juu yake pakeni rangi ya chokaa, ambayo nayo ina kero yake kwako wewe hasa: inaachia unga kwenye nguo. Tundika kanga zako kwenye fremu ya mbao iliyoachana na ukuta, vinginevyo kila doti itatoka na mgongo mweupe.

Boriti sasa. Usidanganywe na wale wapenzi wa mambo ya kale wanaosema zege ni zito kuliko dari la boriti. Zege la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, na dari la asili, lenye mawe na chokaa iliyopondwa juu ya boriti, nalo si jepesi hata kidogo. Sababu zangu za kulikataa ni nyingine. Ili kulifunga, fundi atachimba mfereji kwenye ukuta uliolowa. Wakati boriti zimetolewa na zege halijashika, kuta mbili ndefu zinasimama bila kitu cha kuzishika katikati. Likishashika, linakuwa bapa gumu lisilojipinda juu ya kuta zinazosogea kidogo kila msimu. Na nondo ndani ya zege, katika mji wenye hewa ya chumvi, zikipata unyevu zinaota kutu, zinavimba, zinapasua zege kutoka ndani. Umeona mabaraza ya zege ya mjini yakidondosha vipande na vyuma vyekundu vikitokeza. Ni hiyo.

Boriti mbili zilizooza ncha hazimaanishi dari limekufa. Mara nyingi ni ile sehemu iliyo ndani ya ukuta tu ndiyo iliyooza, na shina lililobaki ni zima kama lilivyoletwa. Chomeni kwa bisibisi: ikiingia kirahisi sentimita chache kutoka ukutani kisha ikagonga mti mgumu, boriti inaweza kuungwa kwa ubao wa mti mgumu pembeni, au kupokelewa na mbao iliyowekwa sambamba na ukuta juu ya nguzo. Ikibidi kubadilisha, badilisheni moja moja, dari likiwa limetegemezwa kwa miti, na acheni nafasi ndogo ya hewa kuzunguka ncha. Ukataji wa mikoko unasimamiwa kisheria, hivyo hakikisheni mnayonunua ina kibali. Lakini ncha mpya ikiwekwa kwenye ukuta ule ule wenye maji itaoza kama ya kwanza.

Kuhusu milango, nitasema kwa ufupi ingawa naipenda kuliko vyote. Uso wa duka ndio sehemu dhaifu ya nyumba, kwa sababu ukuta wote wa chini umeondolewa ili kupata mlango, na ghorofa nzima ya mbele inakaa juu ya kizingiti cha mbao na nguzo zake. Shata linataka kasha juu na reli pembeni, na fundi atakata hapo hapo. Kama shida ni wezi, tieni komeo la chuma au nondo za kuchomeka kwa ndani. Kama shida ni kukunjika kwa tabu, mara nyingi bawaba zimechakaa au kizingiti kimeshuka. Mkigundua kizingiti kimeshuka, nendeni moja kwa moja kwenye aya ya hatari iliyo karibu na mwisho.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo ndiyo, kazi hii inahitaji kibali chao. Lakini kibali si katazo. Kutengeneza dari kwa boriti, kupiga lipu ya chokaa na kurudisha milango yenu ni mambo wanayotaka yafanyike. Watakayoyapinga ni yale matatu ambayo nami nimeyapinga. Peleka picha za ndani na nje, eleza dalili ulizonieleza mimi, na uombe mtu wao aje aone. Kwa kuwa mmerithi ndugu, kubalianeni kwanza kwa maandishi nani anaomba, na angalieni hati: ikiwa nyumba au sehemu yake ni ya wakfu, lazima muanzie kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kufanya kwa siri ni hasara. Kazi ikisimamishwa katikati, mtabaki na ukuta ulio uchi na dari lililotegemezwa, na masika haisubiri barua.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyaamua kwa maelezo tu. Angalieni ukuta huo kwa kusimama pembeni yake na kamba yenye uzito: je, umetoka tumbo? Kuna ufa unaoingiza kidole, au mpana juu kuliko chini? Weka alama za kalamu pande mbili za ufa, andika tarehe, pima baada ya wiki mbili. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama ghafla? Mchanga unaodondoka umezidi, au boriti imeanza kuchomoka ukutani? Ukiona hata moja ya hizo, usingoje. Hamisha bidhaa, mwombe shangazi alale upande mwingine, tegemezeni dari, na mwite mhandisi na Mamlaka siku hiyo hiyo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ya Forodhani, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, watu wakapoteza maisha, nalo lilikuwa jumba linalotazamwa na macho mengi kuliko duka la kichochoroni.

Na kwa kuwa umesema kuna kichochoro, wiki hii ningeanza na kazi isiyo na gharama. Mvua ya kwanza ikinyesha, simama hapo na mwavuli uone gata ya nyumba ya pili inamwaga wapi. Ikiwa inamwaga kwenu, nenda kwa jirani mwenyewe, usimtume kaka, na nenda na kitu mkononi. Jirani aliyeombwa vizuri hutengeneza gata upesi kuliko aliyeandikiwa barua.